Kuhani wa Gari la Baridi

Afisa wa forodha wa Riyadh alifungua mkebe wa kakao wa Elkanah Lusimba, akachungulia ndani, akanusa, kisha akapiga chafya iliyotimua majivu mpaka kwenye masharubu yake. Ilikuwa mwaka 2013. Nyuma ya Elkanah walisimama Wakenya arobaini waliovalishwa fulana za rangi moja na wakala aliyewasafirisha, na kila mmoja alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba mzee huyu mwenye ndevu asizokata pembe asiwaletee balaa siku ya kwanza.

"Nini hii?" afisa aliuliza.

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

Jibu la kweli lilikuwa refu. Yalikuwa majivu ya ng'ombe jike mwekundu asiye na kilema, ambaye hajafungwa nira, aliyechomwa mzima na ngozi yake na mavi yake juu ya kilima huko Maragoli, ili majivu yake yakichanganywa na maji yamtakase mtu aliyegusa maiti. Lakini Elkanah alikuwa ameonywa kwamba katika nchi hii mtu akikutwa na vitu vya namna hiyo huitwa mchawi, na mchawi haandikiwi barua ya onyo.

"Ya kupikia mboga," akasema.

Haukuwa uongo mtupu. Kwao majivu huchujwa, na maji yake hulainisha kunde zikateleza kooni zenyewe. Afisa alimwita mwenzake, wakacheka pamoja, wakamrudishia mkebe. Hivyo ndivyo kitu kitakatifu kuliko vyote vya Hema la Haruni kilivyoingia katika ufalme ule kama kiungo cha jikoni, na mbebaji wake akawa amekikana kabla hajafika hata mahali pa kuchukulia sanduku. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwanamume mmoja mcheshi aitwaye Absalom, alisikia kila neno na akaliweka moyoni.

Hema la Haruni halikuwa kanisa la kujulikana. Lilianzishwa na mababu waliosoma sheria ya makuhani wa Israeli na kuamua kwamba kama Mungu alisema, alisema, na wala hakusema mpaka wazungu watakapochoka kuitii. Walikuwa na hema la turubai, birika la kunawia miguu, na kuhani mkuu, Mzee Japheth, aliyekalia kiti cha mwanzi. Kuhani wa Hema hakunyoa pembe za ndevu. Hakunywa pombe siku ya huduma. Hakuwa kipofu wala kiwete. Kulikuwa na kifungu cha pua bapa ambacho kiliwasumbua kidogo, maana kiliandikwa na watu wenye pua ndefu, lakini wazee walikaa siku mbili wakaafikiana kwamba kilihusu pua zilizovunjwa katika ugomvi wa vilabuni.

Zaidi ya yote, kuhani hakugusa maiti. Hakuingia nyumba iliyolaza maiti, wala hakukanyaga kaburi. Aliruhusiwa kujitia unajisi kwa watu sita tu: mama, baba, mwana, binti, ndugu wa kiume, na dada aliye mwanamwali asiye na mume. Mke hakutajwa, jambo ambalo wake wa makuhani walilijua na hawakulisahau.

Vijana wa leo hucheka wakisikia hayo. Wao hutoka kaburini na udongo ungali viatuni, wakaenda moja kwa moja kwenye sahani ya wali, kisha wakampakata mtoto mchanga. Lakini zamani mtu akigusa kifo alikaa kando, akasubiri, akanyunyiziwa maji siku ya tatu na ya saba, ndipo akarudi kati ya watu. Kifo kilipewa nafasi yake. Hakikuachwa kizurure kama kuku.

Elkanah aliwekwa wakfu akiwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa dereva wa lori la shule, mtu wa maneno machache, na Mzee Japheth alimpenda kwa sababu alikuwa hodari wa kuulizia sheria. Shamba la baba yake lilipogawanywa mpaka likabaki la kupanda vitunguu, naye wakala akapita mitaani akitafuta madereva wa Saudia, Elkanah alikwenda kuomba ruhusa.

"Nenda," Mzee Japheth alimwambia. "Huko ni kwa Ishmaeli, mtoto wa babu yetu. Wanatahiri, hawali nguruwe, wananawa kabla ya sala. Utakuwa msafi kuliko ukikaa hapa Mbale na walevi. Lakini nisikilize. Mimi nimezeeka. Ukirudi safi, kiti hiki ni chako. Ukirudi umeshika maiti ya mtu baki, kiti hiki hukikalii, hata ukilia."

Mkataba ulisema: dereva wa gari la friji. Elkanah alidhani ni maziwa. Au kuku.

Siku ya kwanza kazini, msimamizi aitwaye Bakri, Msudani mtaratibu mwenye chale mashavuni, alimtembeza kulizunguka gari refu jeupe lisilo na maandishi.

"Nyuma hapa ni baridi wakati wote," Bakri alisema. "Abiria wanne kwa safari. Watu wazuri. Hawaulizi tutafika saa ngapi."

Elkanah alichungulia, akaona vitanda vinne vya chuma vyenye mikanda. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba kuku hafungwi mkanda.

"Si maziwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mafi, hakuna maziwa. Unawatoa hospitali, unawapeleka uwanja wa ndege. Wahindi, Wafilipino, watu wenu. Wanarudi kwao. Yalla, funguo hizi hapa."

Pasipoti ilikuwa kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini, na ikama, kibali chake cha kuishi, iliandikwa kazi hiyo hiyo. Kukataa kulikuwa ni kurudi nyumbani na fulana ya wakala. Elkanah aliketi juu ya tairi kuukuu uani, akafunga macho, akaanza kuipekua sheria kichwani. Sheria, kama kila dereva ajuavyo, ina vichochoro. Inamnajisi mtu anayegusa maiti, na mtu aliye ndani ya hema moja na maiti. Haisemi kitu juu ya mtu aliye katika hema la jirani. Na kati ya kiti cha dereva na chumba cha baridi kulikuwa na ukuta wa chuma wenye kidirisha kimoja.

Alinunua utepe wa gundi, akakiziba kidirisha mara tatu, akaweka kadibodi, akaziba tena.

"Lile ni hema lao," alimweleza Absalom, ambaye alikuwa amepangiwa ulinzi wa lango la uani pale pale. "Hili ni hema langu."

"Na injini ni ya nani?" Absalom aliuliza.

Kulikuwa na Wabangladeshi wawili wa kubeba, kwa hiyo mikono yake haikuwa na haja ya kushika. Kilichobaki ni chai. Sheria husema chombo kilicho wazi, kisicho na kifuniko, kikiwa karibu na maiti hunajisika na vilivyomo. Kwa miaka mitatu, katika joto linalokausha mate, Elkanah hakufungua chupa yake ya chai ndani ya gari. Aliegesha, akashuka, akahesabu hatua ishirini jangwani, akanywa, akafunga kifuniko kwa nguvu, akarudi. Wabangladeshi waliamini ana maradhi ya kibofu.

Yeye na Absalom walipanga chumba kimoja Al-Shumaisi, ghorofa ya tatu, juu ya kinyozi Mpakistani. Hapo ndipo Elkanah alipoanzisha Hema dogo. Kila Ijumaa asubuhi walikuja watu wanane, tisa, kumi, walinzi na madereva na wachache wa kazi za nyumbani waliopata saa mbili za kutoka. Waliimba kwa kunong'ona kwa sababu ya majirani, na ngoma yao ilikuwa godoro lililopigwa kwa viganja. Mkebe wa majivu ulikaa juu ya kabati. Aliwaambia waumini kwamba anabeba mzigo wa baridi. Walidhani ni samaki, na yeye hakuwasahihisha.

Shida ilikuwa wanawake. Kwao, mwanamke aliye katika siku zake hukaa nje ya ua wa Hema. Hapa nje kulikuwa na barabara, na barabarani kulikuwa na mutawa, askari wa dini, waliotaka kujua mwanamke peke yake mlangoni anamngoja nani. Elkanah alifikiri wiki nzima, akaamua kwamba jikoni ni nje ya kambi.

Uamuzi huo ulimkuta Selipher Kageha. Selipher alitoka Hema lile lile la Maragoli, mwimbaji wa mstari wa mbele, mama wa watoto wawili ambao baba yao alikimbilia Kitale na hajaonekana. Alifanya kazi Jeddah, mtaa wa Ruwais, lakini kila likizo ya shule madam wake alikuja Riyadh kwa mama yake mzazi, nyumba ya mtaa wa pili, na Ijumaa alimwachia Selipher atoke kidogo.

"Kuhani, leo niko kwa siku zangu," alisema mlangoni. "Nikae wapi?"

"Jikoni, dada."

"Jikoni ndiko nimetoka. Nimekaa jikoni wiki nzima kwa madam, nimepita mutawa nikiinamisha kichwa, nafika kwa nyumba ya Mungu, naambiwa jikoni."

"Kaa hapa kwa kitanda changu," Absalom alidakia. "Mimi si kuhani, mimi ni soja."

"Wewe nyamaza. Uchafu wako wewe hauna siku zake, ni wa mwaka mzima."

Alikaa jikoni, kando ya chupa ya chai ya kuhani na mfuko wake mkubwa wa sukari, lakini akaimba kutoka huko kwa sauti iliyowafanya waliokuwa ndani waonekane ndio waliotengwa.

Ni Selipher aliyegundua gari. Siku moja baada ya ibada alipita karibu na ua akaliona, akaona gundi ya kidirishani, akamwona kuhani wake akisimama hatua ishirini mbali na kikombe mkononi.

"Hii gari unabeba nini?"

"Baridi."

"Baridi ya nani?"

Elkanah alieleza yote, hema lao na hema lake, ukuta na kifuniko. Selipher alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hivyo unawabeba watu wetu miaka hii yote na hujawahi kumwona hata mmoja uso."

"Nalinda kiti."

"Kile cha Japheth? Kile chenye kunguni? Haya. Sitasema kwa mtu. Lakini mimi nikifa huku, usinipitishe kama kreti ya nyanya. Unifunue, uhakikishe ni mimi. Mama yangu Mirriam si mtu wa kuzika mgeni."

"Hufi, Selipher."

"Sijasema leo."

Ilikuwa miezi minne baadaye, mwaka 2016. Alianguka jikoni Ruwais akiwa na sufuria mkononi. Mshipa wa kichwani ulipasuka, akalala hospitali siku tatu, akaenda. Madam wake alilia kweli, maana mtu huyo alikuwa amemlelea watoto wanne na kuwafundisha kuhesabu kwa Kimaragoli. Karatasi zilichukua wiki saba.

Ndipo Bakri alipomwita Elkanah ofisini. "Jeddah. Mwanamke mmoja, Kenya. Ndege yake ni ya hapa Riyadh, Jumapili."

Elkanah alisoma jina kwenye karatasi, akaiweka mezani. "Mpe Gul Khan wa gari la pili safari hii."

"Gul Khan hafai. Pale wako wanawake wawili wa Kenya. Friji moja iliharibika, wakahamishwa, vibandiko vya miguu vikapotea. Wanataka mtu wake amtambue, ndugu. Gul Khan atamjulia wapi?"

"Na asipopatikana wa kumtambua?"

"Watangoja tena. Wakichoka, watazika hapa hapa. Au watakisia. Mimi nimeona wakikisia."

Jioni hiyo hiyo Elkanah alimpigia simu Mzee Japheth, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Alimweleza.

"Ana mume?" mzee aliuliza.

"Alikimbia."

"Aliyekimbia ni mume. Ni mwanamwali?"

"Baba, ana watoto wawili."

"Basi hayumo kati ya sita. Na hata angekuwamo, si dada yako." Mzee alikohoa kwa muda. "Nilishakuambia juu ya kiti. Sina kingine."

Absalom alikuwa akimenya viazi. Hakutania mara moja, na kwa Absalom hilo lilikuwa kama kuvua kofia. "Unaenda ama huendi?"

"Naenda kuangalia. Kuangalia si kugusa. Nitasimama mlangoni."

"Haya, mlango wa Jeddah uko kilomita mia tisa na hamsini. Beba chai."

Aliondoka alfajiri na Mbangladeshi mmoja, wa pili akiwa mgonjwa, na alasiri wakaingia Jeddah. Alipitia Ghulail, kwenye vijiduka vya Waafrika, akanunua leso ya maua mekundu kwa mama mmoja wa Chadi. Mpango wake ulikuwa Mbangladeshi aitandaze juu ya Selipher.

Mlinzi wa chumba cha maiti alikuwa Myemeni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Wewe ni nani wake?" aliuliza. "Anaingia ndugu tu."

"Ni dada yangu," Elkanah alisema.

"Majina hayafanani."

"Mama mmoja, baba mbalimbali."

Uongo wa pili ulimtoka kirahisi kuliko ule wa majivu. Myemeni alitia sahihi, akafungua mlango. Elkanah akasimama kizingitini, ncha za viatu zikigusa mstari wa vigae wala zisivuke.

"Njoo karibu."

"Naona kutoka hapa."

"Hapo unaona miwani yangu tu."

Myemeni alivuta droo mbili, akafunua nyuso mbili. Wiki saba zilikuwa zimewapa wanawake wale sura moja, ya kijivu, iliyofumba kama mtu anayesubiri dawa ya macho. Elkanah alimtafuta Selipher katika zote mbili na akampata katika zote mbili. Alikumbuka kidole. Selipher alikatwa na panga akivuna majani ya ng'ombe utotoni, akapoteza ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Fungua mikono," alisema. "Ya kushoto. Kuna alama."

Myemeni alirudi nyuma hatua mbili na kuinua viganja. "Mimi? Uso niliambiwa nifunue. Kuwashika, hapana. Mimi mwanamume wa kando, si halali kwangu. Mama wa kazi hiyo yuko mapumzikoni mpaka Jumapili."

"Jumapili ndege imeondoka."

"Basi fungua wewe. Wewe ndugu yake. Kwako ni halali."

"Kwangu si halali."

"Umesema dada yako."

"Ni dada yangu."

"Sasa?"

Elkanah alimgeukia Mbangladeshi. Mbangladeshi alisema naye ni mwanamume wa kando, na kwamba anaona heri atoke avute sigara kidogo. Wakabaki wanaume wawili, kila mmoja na sheria yake, na wanawake wawili wamelala wakingoja kuona ni Mungu wa nani angelegeza kwanza.

Hakuna aliyelegeza. Alichofikiri Elkanah pale kizingitini si kitu kikubwa. Alifikiri juu ya Mirriam, mama yake Selipher, akishusha jeneza mbele ya nyumba na kulifungua, maana angelifungua, na kumkuta mtoto wa mtu mwingine. Akavua viatu kama afanyavyo mlangoni mwa Hema, sijui kwa nini na yeye pia hakujua, akavuka mstari.

Alianza na droo ya kulia. Mkono ulikuwa umekunja ngumi. Aliufungua kidole kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Vidole vitano, vyote vizima. Hakuwa Selipher. Baada ya miaka kumi na sita ya kujilinda, maiti ya kwanza aliyoishika ilikuwa ya mwanamke asiyemjua kabisa, ambaye hakuna kifungu chochote, cha Israeli wala cha Maragoli, kilichomwombea ruhusa.

"Samahani, dada," alimwambia. Akaukunja mkono ule tena na kuufunika vizuri.

Droo ya kushoto ilikuwa na kidole kifupi. Aliushika mkono huo kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutambuliwa. Myemeni alijishughulisha na miwani yake.

"Na yule mwingine?" Elkanah aliuliza alipokwisha. "Anaitwa nani?"

Myemeni alisoma karatasi iliyobaki. "Valary."

"Basi huyo wa kulia ni Valary. Andika. Mfungie kibandiko kingine, na ukaze."

Leso aliitandaza mwenyewe. Na kwa kuwa Mbangladeshi alikuwa mmoja, upande wa kichwa aliubeba yeye. Safari ya kurudi, walipofika kwenye kituo cha mafuta cha kwanza, alibandua gundi yote kidirishani, kadibodi na kila kitu, mpaka kucha zikamuuma. Kisha akamimina chai, akaweka kikombe wazi mbele ya usukani, akanywa akiendesha. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Kwa miaka mitatu alikuwa akiinywa kwa haraka mno asigundue anaweka sukari nyingi.

Alipofika Shumaisi alipanda kwenye kabati kushusha mkebe. Ulikuwa mwepesi. Aliufungua, akaona bati likimeremeta.

"Absalom. Majivu yako wapi?"

"Ya mboga? Nimekuwa nikisugulia sufuria. Yanatoa masizi vizuri sana."

Elkanah alikaa chini.

"Kwani nini?" Absalom aliuliza. "Si ulimwambia yule wa forodha ni ya jikoni? Nilikuwa nyuma yako. Mimi najua wewe husemi uongo."

Kwa hiyo sufuria za Shumaisi zilikuwa zimetakaswa kwa miaka mitatu kuliko kuhani yeyote wa Hema, na hapakuwa na punje iliyobaki kwa ajili ya mtu. Ijumaa iliyofuata Elkanah aliwaambia waumini ukweli wote, gari na maiti, na kwamba hawezi tena kuwahudumia mpaka atakapotakaswa nyumbani. Yeye mwenyewe alikaa jikoni. Kutoka jikoni ibada ilisikika vizuri, lakini haikuonekana. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo.

Alirudi Kenya mwaka 2017. Mzee Japheth alikuwa amekufa miezi miwili kabla. Elkanah hakupita nyumbani kwake mwenyewe. Alishuka Mbale na sanduku lake, akaenda moja kwa moja kusimama nje ya ua wa Hema, umbali wa mtu najisi, akapaza sauti kuwaita wazee wamsikilize.

Hapakuwa na ua. Turubai lilikuwa limekuwa mabati, birika la miguu limepandwa maua, na kutoka ndani ilitoka sauti ya kinanda kikijaribiwa. Aliyetoka ni Cliff, mpwa wa Mzee Japheth, aliyekuwa akiuza simu. Alivaa suti ya kung'aa na kola nyeupe.

"Kuhani Elkanah. Karibu ndani, mzee wangu. Mbona umesimama huko?"

"Usinikaribie. Nimegusa maiti. Ya watu baki, wawili. Nimekuja kukiri, na kusema kwamba kiti sistahili."

Cliff alikuja na kumshika mkono kwa mikono miwili. "Ni hilo tu? Hayo mambo tuliyaondoa. Tulituma kwa WhatsApp, hukuona? Siku hizi ni neema. Akina mama wanaimba siku zote za mwezi, watu wameongezeka."

"Na kiti?"

"Kile cha mwanzi? Kilikuwa na kunguni. Tulikichoma." Kisha uso wa Cliff ukachangamka kama wa mtu aliyekumbuka jambo zuri. "Lakini umekuja wakati mzuri. Kanisa limenunua gari la mazishi, jeupe, la kukodisha. Dereva hatuna. Na wewe nasikia una uzoefu."

Elkanah alimtazama kijana yule kwa utulivu kabisa. Miaka mitatu ya kuhesabu hatua jangwani, na sheria yenyewe ilikuwa imefutwa kwa kidole gumba kati ya picha ya harusi na tangazo la kuku wa kuuza. Hata kumlaumu kuhani aliyeivunja hakukuwa na mtu aliyebaki anayejua namna.

"Nani atanitakasa?" aliuliza.

"Umeshatakasika, mzee wangu. Kitambo."

Aliinua sanduku, akateremka mpaka kwa Mirriam. Kaburi la Selipher lilikuwa upande wa migomba, limeota nyasi. Mirriam, mama mfupi mwenye mgongo ulioanza kuinama, alimkuta amekaa nje ya uzio.

"Ingia, Kuhani."

"Nakaa hapa siku saba, mama. Mimi ni najisi."

"Kwa ajili ya mtoto wangu?"

"Ndiyo. Na wa mtu mwingine."

Mirriam hakumbishia. Alikuwa wa zamani, alijua mtu hukaa. Alimletea mkeka na chakula, akamwachia kwenye uzio. Siku ya tatu asubuhi alitoka na bakuli la maji ya kijivu na kitawi cha majani.

"Mama, hayo ni majivu gani?"

"Ya jikoni. Nilikuwa nachujia kunde."

"Si yale. Na anayenyunyiza awe msafi. Wewe ni mfiwa, umemwosha mwanao, umeshika jeneza. Na hata ukiwa msafi, ukinyunyiza unanajisika mpaka jioni."

"Mpaka jioni sina mahali pa kwenda," Mirriam alisema. "Nilifungua lile sanduku, Kuhani. Nilitafuta kile kidole. Nilikipata. Funga macho, maji haya ni makali."

Elkanah alifunga macho. Mirriam alinyunyiza kichwani, begani, halafu kwenye mikono, na kwenye mikono alirudia mara nyingi kuliko sheria inavyodai, kisha kilichobaki akajimwagia mwenyewe kwenye viganja.

Siku ya saba alifanya vile vile. Alipokwisha akaleta chai katika vikombe viwili, akaiweka juu ya nyasi kandokando ya kaburi, bila sahani wala kifuniko. Nzi mmoja aliizunguka. Elkanah alimfukuza kwa mkono, akauliza kama kuna sukari.

"Imo," Mirriam alisema. "Selipher aliniandikia kwamba wewe unaipenda nyingi."